Mgonjwa wa akili anahitaji dawa na pa kulala



Iwe unaishi Kariakoo, Tanga au Unguja, bila shaka mtaani kwako yupo. Analala kwenye baraza la duka au pembeni mwa msikiti, nguo zimechakaa, anazungumza peke yake, na watoto wanamwita chizi. Unampa sahani ya wali, kisha unaingia ndani na kufunga mlango. Kumlisha ni kheri. Lakini je, umewahi kujiuliza analala wapi mvua za masika zikinyesha?

Wengi wetu husema, "Apone kwanza, ndipo tumtafutie chumba." Rai yangu ni kwamba tumeanzia mwisho. Maradhi ya akili mara nyingi huhitaji vidonge vya kila siku, au sindano ya kila mwezi. Asiye na mlango wa kufunga ataviweka wapi vidonge? Vitaloa au vitaibwa. Usiku halali kwa mbu na hofu ya kupigwa, na kukosa usingizi huyachochea maradhi. Hana maji ya kuoga, hivyo chawa, upele na vidonda humwandama. Wengine hukimbilia bangi na pombe. Akipelekwa hospitali akapata nafuu, hurudi kwenye baraza lile lile.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1992 mjini New York, Sam Tsemberis alianzisha utaratibu wa kumpa mgonjwa nyumba kwanza, bila kungoja apone au aache ulevi, na watabibu wakamfuata hapo. Kanada iliujaribu katika miji 5, mwaka 2009 hadi 2013, kwa watu wapatao 2,000. Katika miezi 6 ya mwisho, asilimia 62 ya waliopewa nyumba walikuwa na makazi muda wote. Kwa waliopata huduma za kawaida ilikuwa asilimia 31. Hata hivyo tusidanganyane: nyumba peke yake haiponyi akili. Tiba lazima iende pamoja nayo.

Kwetu Waislamu hili si geni. Masahaba wasio na makazi, Ahlu Suffa, walihifadhiwa katika Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina. Huko Aleppo, Syria, hospitali ya Arghun iliyofunguliwa mwaka 1354 ilitunza wagonjwa wa akili.

Basi tufanye nini? Kama mgonjwa ni wa kwenu, mrudisheni nyumbani. Mpeni chumba cha uani, godoro, chandarua, ndoo ya maji na sabuni. Achaguliwe mtu mmoja wa kusimamia dawa zake na tarehe za kliniki. Asifungwe kamba wala minyororo. Kama hana ndugu, zungumza na imamu na mjumbe wa mtaa. Familia 10 zikichangia, kodi ya chumba kimoja hulipika. Na watoto wetu tuwafundishe kumwita kwa jina lake.

Allah atuwafikishe. Amin.