Linux ina dibaga? Kwenye prosesa gani?

Nikiongea kuhusu kerneli na watengeneza programu wenzangu wa Kitale na Bungoma, jibu ni lile lile: hayo ni ya watu wa mbali, sisi tuandike tovuti tule. Mimi sikubali.

Hebu hesabu kompyuta zilizo karibu nawe. Hapa Ndalu, ukiacha za shule na saiba, karibu zote ziko mifukoni, na simu hizo zinatumia prosesa za ARM, usanifu uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Android nayo imekaa juu ya kerneli ya Linux. Kwa hiyo Linux ya ARM tunaitumia kutwa kucha, hata kama hakuna anayeitaja.

Dibaga ni programu inayosimamisha programu nyingine katikati ya kazi ili uchungulie ndani. Programu ya kawaida haina taabu, kerneli iko chini yake inaishikilia. Sasa kerneli yenyewe ikisimamishwa, nani atashikilia? Skrini, kibodi, diski, vyote vilimtegemea huyo aliyelala. Ndiyo maana KGDB hupitia waya wa siriali: kompyuta moja imesimama, ya pili inaihoji.

Hapo ndipo prosesa inapoleta mambo yake. Ili kutega mtego, dibaga hufuta agizo kwenye kumbukumbu na kuandika lingine la kusimamisha. Kwenye x86 agizo hilo ni baiti moja tu, na prosesa yenyewe huhakikisha kashe imeona mabadiliko. Agizo la kawaida la ARM ni baiti nne, na usiposafisha kashe, prosesa inaweza kuendelea na agizo la zamani kana kwamba hukuandika kitu! Kwenda hatua moja moja nako ni hivyo hivyo. x86 ina biti maalumu ya kazi hiyo. KGDB kwenye ARM ya biti 32 haina, hivyo GDB hupiga hesabu agizo lijalo liko wapi, kisha hutega mtego hapo. Mtu lazima aandike hayo yote kwa kila usanifu.

Na yamechelewa. Mwaka 2000 Linus Torvalds aliandika wazi kwamba hapendi dibaga. Alitaka watu waufikirie msimbo kwa kina badala ya kufukuza dalili. KGDB iliingia rasmi katika toleo la 2.6.26, Julai 2008, na ndugu yake KDB katika 2.6.35, Agosti 2010. ARM ya biti 64 ilingoja 3.15, mwaka 2014. RISC-V ilingoja 5.8, mwaka 2020.

Namheshimu sana Linus, lakini hoja ile inamfaa mtu aliyezungukwa na wanaoijua kerneli. Mimi huku nikikwama, wa kumuuliza ni kerneli yenyewe. Nina bodi ndogo ya ARM ghalani, inapima joto na unyevu wa mahindi. Unyevu ukizidi asilimia 13.5 huuzi vizuri, na ukungu ukiingia unaleta aflatoksini. Bodi ilikuwa inaacha kusoma usiku bila ujumbe wowote. Njia ya printk ni kuongeza mistari, kukompaili, kuwasha upya, kisha kungoja siku mbili, kama stima haijapotea. Nilipoiita KDB na kuandika bta, nikaona kazi mbili, kila moja imeshika kufuli inayotakiwa na mwenzake. Dreva ya kihisio, tuliyouziwa pamoja nacho. Bila dibaga ningekuwa bado nasoma msimbo kwa kina, na mahindi yanaoza.

Simu ndizo zinazoniudhi zaidi. Waya za siriali zimefichwa ndani, kerneli imefungwa, na msimbo chanzo wauzaji wengi wa bei rahisi hawautoi ingawa leseni ya GPL toleo la 2 inawadai. Fundi wa Kitale anabadilisha skrini kwa dakika chache, lakini kerneli ikianguka hana la kufanya ila kuflashi.

Basi shule na kaunti zinaponunua bodi, zisiulize bei na gigabaiti tu. Ziulize kama pini za siriali ziko nje na kama kerneli yake imo kwenye Linux rasmi. Ukitaka kujaribu leo, chukua Raspberry Pi ya zamani, ukompaili kerneli yenye KGDB na KDB, uongeze kgdboc=ttyAMA0,115200 kwenye cmdline.txt, kisha uunge pini ya 6 (ardhi), ya 8 na ya 10. Waya wa USB uwe wa volti 3.3. Wa volti 5 utakuunguzia bodi.