UKURASA WA NYUMBANI: Chumba cha chini nacho kipendeze

Mwezi huu ukurasa wetu unaingia chumbani, tena kile chumba ambacho watu wanakihesabu cha mwisho: kile kilichochimbwa ndani ya mlima.

Sisi wote wa Rusizi tunakijua. Huku ukitaka kujenga lazima ukate mlima kwanza upate mahali pa kusimamisha nyumba, basi chumba cha nyuma kinabaki kimeegemea udongo. Ukuta wake wa nyuma hauna dirisha, maana nyuma yake ni ardhi. Kule Kamembe mjini ni vile vile. Nyumba iko juu kando ya barabara, na chini yake kuna chumba ambacho wengine wanakiita kave, kinapangishwa kwa bei ndogo. Familia za wakimbizi zinalala humo, na mara nyingi ndicho chumba wanachopewa watoto.

Sisi walimu wa kujitolea tunaona matokeo asubuhi darasani. Mtoto anakohoa, nguo zina harufu ya ukungu, na kabla ya saa nne amelala juu ya daftari. Ukimuuliza, anasema usiku kulikuwa na baridi na maji yalifika kwenye godoro. Mtoto wa namna hiyo akili anayo, anachokosa ni usingizi.

Tukiongea na wazazi juu ya kutengeneza chumba, jibu tunalolisikia sana ni hili: "Mwalimu, hapa si kwetu. Kesho tunaweza kuhamishwa. Nipambe nyumba ya kuacha?" Neno hilo tunalielewa, maana sisi pia tumebeba mizigo kichwani. Lakini tuangalie kalenda pamoja. Kambi ya Kiziba, kule Karongi, ilifunguliwa mwaka 1996. Kambi ya Gihembe, kule Gicumbi, ilifunguliwa 1997, na watu wake walihamishiwa Mahama mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Gihembe mwaka ule wa kwanza alikuwa na miaka kama 24 siku ya kuhama. Utoto wake wote uliishia katika nyumba "ya muda". Mzazi anaweza kungoja siku ya kurudi, lakini utoto hauwezi kungoja. Kwa hiyo chumba anacholala mtoto usiku wa leo ndicho tutakachotengeneza, kwa vitu vilivyopo.

Kwanza: maji yatoke

Usianze na pazia. Ukiweka pambo juu ya ukuta wenye maji, baada ya mwezi mmoja litaoza. Panda nyuma ya nyumba uangalie mvua inapita wapi. Chimbeni mfereji unaopeleka maji pembeni, mbali kidogo na ukuta. Usichimbe kwenye mguu wa ukuta wenyewe, utaulegeza. Maji ya paa nayo yasianguke pale pale nyuma. Jirani wa juu na jirani wa chini waelewane, kwa sababu maji ya mmoja ni mafuriko ya mwingine. Siku ya umuganda ni siku nzuri ya kufanya kazi hii kwa mstari mzima wa nyumba. Maji si kitu cha kuchezea: Gihembe ilifungwa kwa sababu makorongo ya mvua yalikuwa yanakula mlima karibu na nyumba. Mkiona ufa mpya ukutani au udongo unasogea, waiteni viongozi wa kijiji kabla ya kufanya lolote.

Ndani, wengi wanapigilia shitingi juu ya ukuta unaotoa jasho. Unyevu hauishi, unajificha tu nyuma yake, na ukungu unazaliana. Afadhali ukuta uachwe wazi upumue. Kitanda kisiguse ukuta, acha nafasi ya kiganja kizima. Kama hakuna kitanda, mbao chache juu ya matofali zinatosha kulinyanyua godoro kutoka chini. Siku jua likitoka, godoro na mablanketi yatoke pia.

Pili: mwanga uingie

Rangi nyeupe ni taa ya maskini. Kule Matmata, nchini Tunisia, watu wamechimba nyumba zao chini ya ardhi tangu zamani, na ndani wanapaka chokaa nyeupe mpaka mwanga mdogo wa mlangoni unafika kila pembe. Sisi tuna mawe ya chokaa hapa hapa wilayani, upande wa Bugarama, na chokaa ya kupaka inapatikana madukani. Chokaa inaacha ukuta upumue, tena ukungu hauipendi. Ila inaunguza macho na ngozi, kwa hiyo watoto wakae mbali na mpakaji avae kitu mikononi. Kama hela ya chokaa haipo, ule udongo mweupe ambao Wanyarwanda wanauita ingwa unafaa kwa ukuta uliokauka. Kioo kidogo kikitundikwa mkabala na mlango, kinarudisha mwanga ndani.

Kama juu ya chumba kuna bati, iko mbinu nyingine. Mwaka 2002 fundi mmoja wa Brazil, Alfredo Moser, alijaza maji safi katika chupa ya plastiki ya lita mbili, akaongeza vifuniko viwili vya javeli ili maji yasiwe ya kijani, akaipitisha kwenye tundu la bati, sehemu moja juu, nyingine chini. Maji yanapinda miale ya jua na kuitawanya chumbani, kama taa ya umeme mchana. Kazi yote iko kwenye kuziba tundu vizuri mvua isipite, kwa hiyo mwiteni fundi. Kwenye shitingi msijaribu, mtaitoboa bure.

Tatu: joto lisilo na hatari

Hapa tunaomba tusikilizwe sana. Usiku wa baridi wengine wanaingiza babula yenye makaa chumbani, wanafunga mlango, wanalala. Makaa yanayowaka yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha watu wanafikiri hatari imeisha, kumbe ndipo makaa mekundu yanaendelea kuitoa. Katika chumba cha chini hewa hiyo haina pa kutokea. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, kisha usingizi ambao mtu anaweza asiamke. Babula ipikie nje na ibaki nje. Ukimkuta mtu katika hali hiyo, mtoe kwenye hewa mara moja na mkimbilie kituo cha afya.

Joto tulitafute kwenye nguo. Mafundi cherehani wana vipande vya vitenge ambavyo wanavitupa. Viombeni, mvishone pamoja, mtie kitambaa kizito ndani, mpate blanketi la rangi zote. Majani makavu ya mpunga wa Bugarama, yakipangwa vizuri chini ya mkeka, yanazuia baridi ya udongo. Yabadilishwe kila yakilowa. Tena acheni tundu la hewa juu ya mlango, hata wakati wa baridi.

Nne: sasa tupambe

Chumba kikishakauka na kikiwa na mwanga, kupamba ni raha. Pazia la kitenge likigawa chumba, binti mkubwa anapata mahali pa kubadilishia nguo kwa heshima, na hilo ni jambo kubwa kuliko pambo. Chandarua kikioshwa na kufungwa vizuri, kinapendeza juu ya kitanda na malaria inabaki nje. Mshumaa na koroboi visikaribie pazia wala chandarua. Mwenye taa ya sola atumie hiyo.

Kwa ukuta, tuige wenyeji wetu. Michoro ya imigongo, ile ya mistari na pembe za rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, ilianza kama pambo la kuta za ndani ya nyumba huko Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Husimuliwa kwamba aliyeianzisha ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi. Baada ya mwaka 1994, wanawake wa Kirehe waliifufua kwa ushirika wao, na leo inauzwa mpaka nje ya nchi. Inatengenezwa kwa mavi ya ng'ombe, majivu na rangi za udongo. Hata bila hayo, ukanda mmoja wa pembe tatu nyekundu na nyeusi kuzunguka ukuta mweupe unabadilisha chumba. Wapeni watoto kazi hiyo, wakiwa na rula ya shule.

Kitu kizito kisitundikwe juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ardhi lilipiga Bukavu na huku kwetu Rusizi na Nyamasheke, na makumi ya watu walikufa. Ardhi yetu ya Kivu inatikisika. Rafu iwe ya chini, masanduku yakae sakafuni juu ya mbao.

Mwisho, acheni pembe moja iwe ya mtoto: kibao cha kuandikia, daftari zake, picha aliyoichora imebandikwa ukutani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika chumba hiki mwenyeji mwenyewe ndiye tunayetaka apone kwanza, arudi kutoka shule akijua kuna mahali panamngoja.

Anayetaka kujifunza kushona vipande vya vitenge au kuchora ukanda wa ukutani, amwambie mtoto wake atuletee ujumbe shuleni, tutawakutanisha na wanaojua. Mwezi ujao tutaongea juu ya bustani ya gunia kando ya mlango. Tunawatakia usingizi mwema.