Makosa ya Kiingereza na Dawa Iliyomo Darasani Mwetu

Ndugu wanafunzi, kila mwaka matokeo ya Kidato cha Pili na cha Nne yanapotoka, wazazi hutujia na malalamiko yale yale. Kijana anaifahamu Bayolojia, ukimuuliza kwa Kiswahili anakueleza vizuri moyo unavyosukuma damu, lakini karatasi ya mtihani imemshinda. Kuanzia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote yanasomwa kwa Kiingereza, kwa hiyo asiyeweza kuunda sentensi ya Kiingereza hafeli somo moja, hufeli saba. Hilo ndilo linalotufanya tuandike juu ya Kiingereza katika jarida la madrasa, ingawa wapo watakaosema hapa si mahali pake.

Rai yetu ni kwamba makosa mengi mnayochekewa si ujinga wala uvivu. Mwanafunzi anafikiri kwa Kiswahili, kisha anavika fikra zake maneno ya Kiingereza. Kosa lina asili yake, na mwenye kuijua asili hiyo hulirekebisha upesi kuliko aliyekaririshwa orodha ya "sema hivi, usiseme hivi". Na mwanafunzi wa madrasa ana kitu ambacho wenzake wengi hawana: amesoma nahwu. Anajua ismu, fiilu na harfu. Tatizo ni kwamba anapovua kanzu na kuvaa sare ya shule, elimu hiyo huiacha nyumbani pamoja na kanzu.

Tuanze na kosa maarufu kuliko yote, "I did not went". Walimu hulisahihisha kwa wino mwekundu, na wiki ya pili linarudi. Mwanafunzi anaona mantiki ndani yake: jambo limepita, basi kila neno liwe la wakati uliopita. Lakini mwanafunzi huyo huyo amehifadhi Ajurrumiyya, kitabu cha Ibn Ajurrum wa Fez aliyefariki mwaka 1323, na anajua kwamba katika mlango wa vijazimishi 18 cha mwanzo kutajwa ni "lam". Mwambie akanushe "dhahaba" kwa "lam", atakwambia "lam yadh-hab". Hawezi kusema "lam dhahaba", sikio lake litakataa. Kwa nini? Kwa sababu "lam" imekwishabeba wakati uliopita, na fiilu inayoifuata inarudi kwenye mudhari. Basi "did not" ndiyo "lam" ya Waingereza. Wakati uliopita umo ndani ya "did", na kitenzi kinarudi kwenye asili yake: "I did not go". Hata katika swali ni hivyo hivyo: "Did you go?", wala si "Did you went?" Tumelieleza jambo hili kwa njia hii darasani, na tumeona nyuso zikifunguka.

Kumwita mama "he" ni kosa jingine linalochekesha watu. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa mwanamume na mwanamke, hivyo ulimi haukuzoea kuchagua. Lakini nani kati yenu amewahi kusema "huwa" kwa Maryam? "She" ni "hiya", basi. Vilevile "borrow me your pen". Kiswahili chetu kina kuazima kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kuchukua. Kiarabu kimetenganisha: aliyetoa ni "aara" na aliyeomba ni "istaara". Kiingereza nacho kimetenganisha, "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayechukua. Na ile "s" mnayoisahau katika "Ali goes" ni alama ya mtendaji, kama "a" katika "anakwenda" na "ya" katika "yadh-habu". Kuiacha ni kama kumfanya Ali "nakwenda".

Kuhusu "a" na "the" inabidi tuwe waangalifu zaidi. Kiswahili hakina viambishi hivyo, na ndiyo maana tunaandika "I bought book". Mwenye nahwu anajua nakira na maarifa: "kitabun" ni "a book" na "alkitabu" ni "the book". Anajua pia kwamba mudhafu haukubali alif-lam, kwa hiyo haandiki "the my book". Mpaka hapo ni sawa. Lakini Kiarabu hutia alif-lam hata unaposema juu ya subira kwa ujumla wake, na Kiingereza hakifanyi hivyo. Ukifuata Kiarabu hapo utaandika "The patience is good", na mwalimu atakata. Andika "Patience is good".

Tena pana mahali ambapo lugha zetu zote mbili hutupotosha pamoja. Tunasema "kitabu nilichokinunua", na ile "ki" ya pili inarudia kitabu. Waarabu wanasema "alladhi ishtaraytuhu", na "hu" inarudi kwenye kitabu. Matokeo yake ni "the book which I bought it". Kiingereza hakina dhamiri hiyo ya kurudi. "Which" imekwishafanya kazi, kwa hiyo "it" iondoke. Wanaosema kwamba Kiarabu kitatatua kila kitu wapaangalie hapa.

Kosa ambalo hatujaona likitiliwa maanani, nalo lina madhara, ni la "yes" na "no". Mwalimu anauliza, "Didn't you do the homework?" Mwanafunzi ambaye hakufanya anajibu "Yes", kwa maana ya "ndiyo, sikufanya". Mwalimu anafahamu kwamba amefanya, anataka daftari, daftari tupu. Mtoto mkweli anahesabiwa mwongo na pengine anachapwa. Wenzetu waliofika Sura ya Al-A'raf, aya ya 172, wamekwishaelezwa kwa nini jibu lilikuja kwa "bala" na si kwa "naam": baada ya swali lenye kukanusha, "naam" inakubali kule kukanusha, na "bala" inakubomoa. "Ndiyo" yetu hapo ni "naam". "Yes" ya Kiingereza ni "bala". Kama hukufanya, sema "No, I didn't".

Hatukubaliani na shule zinazomtoza faini au kumvisha kibao mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili. Faini inamfundisha kunyamaza, na anayenyamaza hakosei wala hajifunzi. Hatukubaliani vilevile na mzazi anayetuambia Kiingereza kitamharibu mwanawe. Kijana huyo ataketi katika chumba cha mtihani apende asipende.

Tunachopendekeza ni daftari la safu tatu: kulia Kiarabu, katikati Kiswahili, kushoto Kiingereza. Sentensi moja kwa siku inatosha, ipatikane katika kosa ulilosahihishwa shuleni siku hiyo. Pale safu mbili zinapokubaliana, piga mstari chini. Pale Kiingereza kinapokwenda peke yake, kama katika "which I bought", zungushia duara, kwa sababu hapo ndipo utakapokosea tena. Madaftari yaletwe kila Jumatano baada ya Alasiri, na anayeanza leo aanze na "lam yadh-hab".