Historia ya Ford Haikuishia Detroit

Mwezi Agosti nilikwenda nyumbani Kutulo kuhani msiba wa mjomba wangu, abti kama tusemavyo sisi Wasomali, mtu aliyeishi zaidi ya nusu ya umri wake juu ya malori. Jioni ya siku ya tatu mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, aliniletea daftari lake la insha. Alikuwa ameandika habari za marehemu: jinsi alivyosafiri kutoka Wajir hadi El Wak kwa lori la Ford, kijana mdogo, kazi yake ikiwa kuzungusha hendeli asubuhi na kuweka mawe chini ya magurudumu kila gari liliposimama mlimani. Insha ilikuwa nzuri. Hata hivyo, mwalimu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya maneno matano: tanboi, hendeli, rejeta, pancha na springi. Kando ya neno la kwanza aliandika: "Si Kiswahili. Tumia msaidizi wa dereva."

Kijana aliniuliza, "Abti, hivi kweli babu alikuwa msaidizi wa dereva?"

Sitaitaja shule wala mwalimu, maana kosa si lake peke yake. Sisi tuliomfundisha mwalimu huyo vyuoni ndio tuliompa kalamu hiyo nyekundu. Lakini swali la kijana limenikaa moyoni, na ndilo linalonifanya niwaombe walimu na wanafunzi tuitazame upya historia ya gari hilo, na maneno yaliyokuja nalo.

Historia ya Ford kama inavyosomwa vitabuni ni historia ya Detroit. Kampuni iliundwa mwaka 1903. Mwaka 1908 ikatoa gari la Model T. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, ukaanza ule mtindo wa gari kusogezwa mbele ya mfanyakazi badala ya mfanyakazi kulizunguka gari, na kazi ya kuunganisha chasisi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikateremka hadi kama saa moja na nusu. Mwaka uliofuata Henry Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku. Kufikia mwaka 1927, gari hilo lilipoachwa kutengenezwa, yalikuwa yametoka zaidi ya milioni 15. Haya mwanafunzi huyakariri, akapata alama zake, akaendelea na somo jingine.

Asichoambiwa ni kwamba Model T halikupendwa kwa sababu ya kiwanda. Lilipendwa na wakulima. Barabara za mashambani Marekani wakati huo zilikuwa tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua, kama zetu. Gari hilo lilikuwa limeinuka juu, jepesi, limeundwa kwa chuma cha pua chenye nguvu, na mkulima mwenye koleo na nyundo aliweza kulitengeneza mwenyewe chini ya mti. Wengine waliliinua gurudumu la nyuma, wakalifunga ukanda, wakalitumia kupasulia kuni na kusagia nafaka. Basi nusu ya historia ya gari lile iliandikwa na mhandisi, na nusu ya pili ikaandikwa na mwenye gari. Ya mhandisi tunayo vitabuni. Ya mwenye gari, hasa akiwa mwenye gari wa Kutulo, hatunayo.

Na hapa nataka kukaa kidogo. Kutulo, ambayo wengine huiandika Kotulo, iko katika njia itokayo Wajir kwenda El Wak na Mandera. Tarehe 16 Disemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, Ghana ya leo, yaliwashambulia Waitalia pale El Wak. Ghana hawakuisahau siku hiyo; uwanja wa michezo wa El Wak ulioko Accra umepewa jina la vita hivyo. Mwezi Februari 1941 majeshi ya Uingereza yakavuka mpaka na kuteka Kismayu, kisha Mogadishu, na tarehe 6 Aprili yakaingia Addis Ababa. Vilikuwa vita vya magari kuliko vya miguu. Miongoni mwa magari hayo yalikuwamo ya deraya yaliyojengwa Afrika Kusini juu ya chasisi za Ford zilizoletwa kutoka Kanada. Ford ilikuwa ikiunganisha magari mjini Port Elizabeth tangu mwaka 1924, na hivyo Detroit haikuwa mbali nasi kama tunavyodhani. Mwanafunzi wa Accra huenda akajua jina El Wak. Wa Kutulo, aliye mlangoni pake, hafundishwi.

Abti alizaliwa baada ya vita hivyo, lakini alikua akisikia wazee wakitaja magari ya askari kama wengine watajavyo mvua za miaka ya nyuma. Mwenyewe alianza kazi katika miaka ya 60, wakati wa vita vya Shifta, malori yalipokuwa yakisafiri kwa misafara chini ya ulinzi wa askari. Alianza kwa kuzungusha hendeli, akawa dereva, na mwishowe akanunua Thames Trader kuukuu, lori lililotengenezwa na Ford ya Uingereza. Nilipanda lori hilo nikiwa mtoto, juu ya magunia ya sukari, na mbuzi wawili miguuni.

Kosa la safari zile halikuwa la kiwanda. Hakuna mhandisi wa Uingereza aliyemwazia Mungu alivyoliumba jua la Kutulo. Saa sita mchana petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba kabla haijafika kwenye injini, na gari likanyamaza katikati ya jangwa kana kwamba limekata roho. Abti alikuwa akishuka bila haraka, akachukua kipande cha gunia, akakilowesha maji na kukivika juu ya pampu ya mafuta. Tukakaa kivulini mwa lori, tukanywa chai, na baada ya muda likaguruma. Tangi likivuja, alilisugua kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Rejeta ikitoboka, alitia bizari ndani ya maji, ikaziba matundu. Pancha zikizidi viraka, tairi lilijazwa nyasi, na tukaenda hivyo pole pole hadi kisima kilichofuata. Springi iliyovunjika haikutupwa: fundi wa chuma aliigeuza visu, na tairi lililokwisha likawa makubazi ya akala. Mkulima wa Marekani na abti wangu wangeelewana upesi sana, kama si lugha.

Na sasa turudi kwenye lugha, ambayo ndiyo riziki yangu.

Neno tanboi, ambalo ndugu zetu wa Tanzania hulitamka tandiboi, na wengi wao husema utingo, limetokana na Kiingereza. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba huyo alikuwa kijana wa kuzungusha hendeli ya mbele ili injini iwake. Model T liliwashwa hivyo kwa miaka mingi. Kiwashio cha umeme kilianza kuwekwa humo mwaka 1919 tu, na hendeli ile iliporudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mtu mkono. Hendeli zimekwisha zamani, lakini neno limebaki kuwa ushahidi wa kazi ile na wa mikono iliyoifanya. Sisi Wasomali tunaye kirishbooy, na kwa maoni yangu huyu alitokana na kijana wa kupaka grisi. Kumbe mtu mmoja, mkono mmoja, Waswahili wakamwita kwa hendeli na Wasomali wakamwita kwa grisi! Sasa ukimfuta ukaandika "msaidizi wa dereva", umefuta vyote viwili. Isitoshe, msaidizi wa dereva huketi mbele. Tanboi hulala juu ya mizigo, huamka wa kwanza na kula wa mwisho.

Mwalimu atanijibu kwamba Kiswahili sanifu hakina budi kulindwa dhidi ya maneno ya kigeni. Namuunga mkono katika mengi. Wapo wanaoandika barua ya kazi kwa lugha ya stendi, na hao wastahili wino mwekundu. Lakini hebu tuulizane: gari lenyewe ni neno la wapi? Limetoka Uhindi, na Wasomali nao wanalo, gaari, kutoka chungu kile kile. Baabuur, jina jingine la gari kwa Kisomali, limepitia Uarabuni kutoka neno la Kizungu lenye maana ya mvuke, kwa sababu lilianza kama jina la meli. Kibao cha namba tunakiita taargo, na hilo ni la Waitalia. Hata usukani, neno ambalo mwalimu yeyote atalipa alama kamili, lilikuwa kifaa cha chombo baharini kabla dereva wa kwanza hajalishika. Wazee wa pwani hawakusubiri kamati. Waliona kitu kinachoelekeza safari, wakakipa jina la kitu kinachoelekeza safari. Hivyo ndivyo lugha inavyokua, na fundi wa gereji wa Garissa anayesema rejeta anafanya kazi ile ile ya nahodha wa Lamu.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa vyuo vikuu hawapendi kulikiri. Kwetu, Kiswahili hakikufika kwa shule. Kilifika kwa lori. Fundi alitoka Thika, mfanyabiashara wa miraa alitoka Meru, dereva akawa Mborana na tanboi Msomali, na lugha iliyowaunganisha usiku kando ya moto ilikuwa hii. Abti hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na ndiye aliyenifundisha ngeli bila kuzitaja. Watu waliosafiri pamoja namna hiyo hulindana. Mwezi Disemba 2015, karibu na El Wak, magaidi walipolisimamisha basi na kutaka abiria Wakristo watengwe, abiria Waislamu walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki mwezi uliofuata. Walimu wanaosoma safu hii wanalijua jina lake.

Nirudi kwa Ford, maana mpwa wangu alinisimulia jambo la kuchekesha. Alipoisoma insha yake mbele ya darasa, nusu ya wanafunzi walidhani anazungumzia siasa. Kwao FORD ni chama kilichozaliwa Agosti 1991 kupigania vyama vingi, kikagawanyika mwaka 1992 kuwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Sisi utotoni tulikuwa na kosa letu pia. Lori la Bedford lilikuwa limejaa katika njia ile, nasi tuliamini kwa dhati kwamba Bedford ni mtoto wa Ford. Nilifika chuo kikuu ndipo nikajua kwamba Bedford lilikuwa la kampuni ya General Motors, mshindani mkubwa wa Ford! Na katika Kiingereza cha kale ford maana yake ni kivuko, mahali pa mto panapovukika kwa miguu. Bedford ni jina la mji wenye kivuko. Yeyote aliyewahi kukwama siku mbili kwenye laga baina ya Wajir na Kutulo, akingoja maji yapungue, atakiri kwamba lori halijapata kupewa jina la kweli kuliko hilo.

Magazeti yetu yaliandika sana habari za Ford nyakati za mbio za Safari Rally. Peter Hughes alishinda kwa Cortina mwaka 1964. Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, mwaka 1972, kwa Escort. Björn Waldegård akashinda kwa Escort mwaka 1977. Sina kinyongo nao, walikuwa madereva hodari. Lakini wao walikuwa na mafundi njiani, wakakimbia siku chache, wakarudi kwao. Abti aliendesha njia ile kwa zaidi ya miaka ishirini akiwa na gunia, sabuni na bizari, na aliyejaribu kumwandika ni mtoto wa shule, akatiwa wino mwekundu.

Naomba jambo dogo basi. Walimu wa Kiswahili wa Wajir, Mandera, Garissa, na kwingineko kuliko na wazee wa malori, wawape wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja amwendee dereva mzee, tanboi mzee au fundi mzee, aandike maneno ishirini ya kazi yake na maana zake, kama yalivyotamkwa. Yasisahihishwe kwanza. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikubali kutoa fedha za barabara ya lami ya kutoka Isiolo hadi Mandera kupitia Wajir, Kutulo na El Wak, na hakuna anayeifurahia lami kuliko mimi. Lakini lami haihitaji mtu wa kujaza nyasi ndani ya tairi, na kazi ikiisha, jina lake halikai sana.

Nasema haya nikiwa na hatia yangu. Miaka miwili iliyopita niliketi na abti alasiri mbili nikiwa na kinasa sauti. Nilipata maneno arobaini na matatu, nami nikafurahi, nikarudi Nairobi kusahihisha mitihani, nikimwahidi kwamba nitarudi. Kile kipande cha gunia kilicholoweshwa maji kilikuwa na jina lake. Alilitumia kila siku nilipokuwa mtoto. Alikuwa akimwagiza tanboi akilete kwa neno moja tu, nami namkumbuka tanboi akikimbia. Neno lenyewe silikumbuka, na alasiri zile mbili sikuliuliza.

Baada ya matanga nilikwenda stendi ya Kutulo kuwauliza madereva. Ni vijana wakarimu, wakanikaribisha chai. Wote wanaendesha malori ya dizeli, na dizeli haigeuki mvuke ndani ya bomba. Hawakunielewa nilikuwa nikiulizia kitu gani.