Mkono wa Askari Una Mpaka

Tangu enzi za mkoloni kijana wa mtaani amezoea kuamrishwa "Simama!", kisha kupapaswa mifukoni kabla hajaulizwa hata jina. Mazoea hayo si sheria. Sisi mawakili tunaotetea utawala wa sheria twasema wazi kwamba mkono wa askari una mpaka, na mpaka huo umeandikwa.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai chamruhusu askari kumsimamisha mtu na kumpekua, mradi pawepo sababu ya haki ya kushuku kwamba amebeba mali ya wizi au iliyopatikana kwa njia haramu. Kifungu cha 27 chaamuru mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenziwe, kwa kuchunga sana heshima yake. Juu ya hayo, Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 yalinda faragha ya kila mtu: mwili, nyumba na mali yake visipekuliwe, wala vitu vyake visitwaliwe. Haki hiyo yaweza kupunguzwa kwa sheria tu, si kwa matakwa ya mwenye bunduki. Kutembea usiku, kuvaa matambara au kukosa "kitu kidogo" si sababu ya kushukiwa.

Wako watakaotuambia kwamba majambazi ni wengi na askari hana budi kufanya haraka. Twawajibu kwamba sheria imekwisha kumpa nafasi hiyo. Inachomnyima ni ruhusa ya kubahatisha. Tena Ibara ya 50 yaamuru ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu ukataliwe, endapo kuupokea kutaiharibu haki ya kesi. Hivyo askari apekuaye ovyo huenda akamfungulia mlango jambazi yule yule aliyemnasa.

Mwaka wa 1997 Bunge liliifuta Sheria ya Uzururaji, iliyomfanya maskini kuwa mhalifu kwa umaskini wake. Sheria ilikwenda, tabia ikabaki. Tabia haifutwi na Bunge. Hufutwa na raia wanaojua haki zao.

Basi ukisimamishwa, usikimbie wala usipigane. Uliza kwa adabu unashukiwa nini. Ishike nambari ya askari. Kitu chako kikitwaliwa, dai kiandikwe katika kitabu cha matukio kituoni. Haki isiyodaiwa huota kutu.