Kutamka Anajua, Kuelewa Bado

Leo nataka tuongee jambo moja ambalo linaniuma, juu na mimi mwenyewe nimo ndani yake. Ni hii tabia yetu ya kumsifu mtoto eti anajua kusoma, wakati anachojua ni kutamka tu.

Nianze na aibu yangu. Miaka fulani nyuma, tukiwa bado kambini, kulibandikwa tangazo la uhakiki wa familia. Liliandikwa kwa Kiingereza. Watu wakaniita mimi, juu nilikuwa S3 na kila mtu alisema yule kijana anasoma Kiingereza kama maji. Nikasimama mbele ya tangazo, nikasoma lote kwa sauti bila kukwama hata mara moja. Wamama wakafurahi. Halafu mama mmoja akaniuliza, "Sasa papa, wanasema nini?"

Nikajibu bila wasiwasi: wanasema mulete watu wote wa nyumba pamoja na wale wanaolala shuleni. Lakini ndani ya tangazo kulikuwa na neno moja dogo, unless. Nilikuwa nimelitamka vizuri kabisa. Maana yake ilikuwa kinyume na nilichosema: watu wote waje, isipokuwa wale walio shule za bweni. Mdogo wangu alipigiwa simu, akapanda gari alfajiri, akakosa mitihani ya siku mbili. Familia mbili za jirani zilifanya vilevile kwa sababu yangu. Hakuna aliyenigombeza. Mama alisema tu, "Si ulisoma?" Mpaka leo hilo swali sijalipatia jibu zuri.

Nikirudi nyuma, naona nilifundishwa hivyo. Shule nilianzia upande wa Masisi, kwa Kifaransa. Kuvuka huku nikakuta kila kitu ni Kiingereza. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza ndicho kitakuwa lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa, na mwisho wa 2019 ikatangazwa kwamba hata watoto wa P1 wafundishwe kwa Kiingereza. Silaumu uamuzi, kila nchi ina hesabu zake. Nasema tu hali ya wadogo zetu ilivyo. Nyumbani mtoto anaongea Kinyarwanda, Kiswahili au Kirundi. Kama alianza shule Kongo au Burundi, Kifaransa kidogo kimeshaingia kichwani. Sasa anafungua kitabu cha sayansi cha P5, lugha ya tatu au ya nne hiyo, darasa limejaa, mwalimu yuko mbali na anatakiwa amalize programu.

Mtoto kama huyo anafanya nini? Anatafuta namna ya kupona. Anajifunza kutamka maneno kama mwalimu, kusoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, na kunakili jibu kutoka kwenye kitabu. Na sisi tunampigia makofi.

Kama unafikiri nazidisha, soma sentensi hii niliyoitunga mwenyewe:

Kidwemba aligwetua mifyuro kando ya lindwe.

Sasa jibu. Nani aligwetua mifyuro? Kidwemba. Aligwetua nini? Mifyuro. Aligwetua wapi? Kando ya lindwe. Umepata tatu juu ya tatu, hongera! Lakini hakuna ulichoelewa, juu hayo maneno hayapo. Ndivyo wadogo zetu wengi wanavyopata alama. Swali linasema "who", wanatafuta jina kwenye mstari na kulihamishia kwenye kaye. Mwalimu anaweka alama ya vema. Mzazi anafurahi. Siku ikifika ya kusoma kitu chenye maana kwa maisha yake, kama tangazo, karatasi ya dawa au mkataba wa kazi, mtoto anakuwa kama mimi siku ile.

Ugonjwa huu si wa wakimbizi peke yao. Mwaka 1984 walimu wawili watafiti wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha kazi yao juu ya wanafunzi wa namna hiyohiyo: watoto waliotamka maneno vizuri lakini ukiwauliza walichosoma, hawakijui. Hawakuwaongezea mazoezi ya kutamka. Waliwafundisha mambo manne ambayo msomaji mzuri huyafanya kichwani bila kujua: kukisia kinachokuja, kujiuliza maswali, kufafanua palipo pagumu, na kusema kwa kifupi. Mwalimu anaanza kwa kuonyesha, halafu wanafunzi wanachukua zamu, kila mmoja anakuwa mwalimu wa kipande kimoja. Watoto wale walipanda sana katika kuelewa.

Hayo mambo manne ndiyo tunajaribu sasa hapa Kigali. Jumamosi tunakutana na watoto upande wa Nyamirambo, kwenye chumba tulichoazimwa. Tablo ni moja, chaki tunanunua wenyewe, mvua ikinyesha kwenye mabati tunanyamaza mpaka ipite. Niwaeleze somo moja lilivyoenda, ili mtu mwingine aweze kuiga.

Tulichukua kipande kifupi kuhusu mbu na malaria, mistari sita tu. Kabla ya kusoma nikafunika maandishi, nikaacha kichwa cha habari na picha. Nikauliza: munafikiri watatuambia nini? Mmoja akasema watatuambia tulale ndani ya chandarua. Mwingine akasema watatuambia mbu anatoka wapi. Huko ndiko kukisia. Hata akikosea si kitu, juu sasa anasoma akitaka kujua kama alipatia.

Tukasoma mistari miwili. Tukakuta mosquitoes breed in stagnant water. Wote waliitamka vizuri hiyo stagnant. Nikauliza ni maji gani hayo, kimya. Zamani ningewaandikia maana kwenye tablo, wakanakili, tukaendelea. Safari hii nikasema: soma mstari unaofuata halafu urudi. Mstari uliofuata ulitaja madimbwi na makopo matupu. Binti mmoja wa P5 akaruka: "Aa, ni maji yasiyotembea! Kama yale ya ndani ya tairi nyuma ya kwetu!" Hilo neno halitamtoka tena. Hapo alifafanua mwenyewe, na amejifunza pia kwamba neno gumu linaweza kufunguliwa na majirani zake.

Halafu maswali. Nilikataza maswali ambayo jibu lake liko pale linaonekana. Nikataka maswali ya "kwa nini" na "ingekuwaje". Mtoto mmoja akauliza: kama tungemwaga maji yote ya mtaa, malaria ingeisha? Walibishana robo saa, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, wakirudi kwenye maandishi kutafuta ushahidi. Mwisho kila mmoja alisema kipande chote kwa sentensi mbili, kwanza kwa lugha yake, halafu kwa Kiingereza, hata kama Kiingereza kilichechemea.

Siku hiyo nilijifunza kitu kingine. Kuna kijana wa P4 ambaye anasoma polepole sana. Shuleni wanamweka nyuma, wenzake wanamcheka. Kumbe alikuwa anasimama kwenye kila neno asilolielewa kwa sababu anatafuta maana! Tulipofika kwenye kusema kwa kifupi, yeye ndiye aliyesema vizuri kuliko wote. Yule tunayemwita bingwa wa kusoma, mwenye sauti kubwa, hakuwa na la kusema. Nilijiona mimi mwenyewe kwake. Nikajiuliza ni watoto wangapi tumewaita wajinga kumbe walikuwa wanakataa kujidanganya.

Najua watu watanijibu. Nilishazungumza na walimu na wenzangu wa kujitolea, na hoja zao si za kupuuza.

Wa kwanza anasema: mtihani wa taifa wa P6 ni kwa Kiingereza, sasa ukiwaacha waongee Kiswahili unawapoteza. Mimi nasema maandishi yabaki Kiingereza, sijasema tuyatupe. Lakini kufikiri juu ya maandishi hayo, mtoto afikiri kwa lugha anayoimudu. Ukimlazimisha afikiri kwa lugha asiyokuwa nayo, atanyamaza, na ukimya hautaonyesha kama ameelewa au hapana. Na Kiswahili si lugha ya kuficha. Ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017.

Wa pili anasema: muda hautoshi, darasa lina watoto wengi mno. Ni kweli. Ndiyo maana mambo haya manne yanafanyika kwa vikundi vya watoto wanne, kila mtoto na kazi yake: wewe kisia, wewe uliza, wewe fafanua, wewe fupisha, halafu mubadilishane. Mwalimu anapita tu akisikiliza. Na afadhali mistari sita iliyoeleweka kuliko kurasa sita zilizopita juu ya kichwa.

Wa tatu anasema: hatuna vitabu. Hapo nakubali kwa nusu. Kwa walioko mjini, Kigali Public Library iko Kacyiru. Kwa wenye simu, kuna African Storybook, hadithi za bure za watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Kinyarwanda zikiwemo. Unaweza kusoma hadithi ileile kwa lugha mbili na kulinganisha. Na hata bila hivyo, karatasi ya ndani ya boksi la dawa ni somo. Tangazo ukutani ni somo. Ningefundishwa kwa tangazo moja tu la unless, mdogo wangu angefanya mitihani yake.

Kuna la nne ambalo hakuna anayelisema kwa sauti: sisi vijana wa kujitolea wenyewe wengi hatuelewi tunachosomesha. Mimi nimemaliza sekondari na bado kuna kurasa nasoma mara tatu. Dawa yake ni kusema ukweli mbele ya watoto: "Hapa sijaelewa, ngoja turudi nyuma." Nilipoanza kusema hivyo, niliogopa wataniona si mwalimu. Kilichotokea ni kwamba na wao walianza kuinua mkono na kusema hawajaelewa. Kabla ya hapo hakuna hata mmoja aliyethubutu.

Sasa neno kwa kaka na dada zetu wa mashirika, na naomba mulipokee kwa heshima, juu kazi yenu tunaiona. Vipimo vya kusoma kama EGRA vinahesabu maneno ambayo mtoto anasoma kwa dakika moja, halafu vinamuuliza maswali machache ya kuelewa. Sehemu zote mbili zina kazi: asiyejua herufi hawezi kuelewa chochote. Lakini kwenye vikao vyetu nasikia zaidi hesabu ya maneno, hesabu ya vitabu vilivyogawiwa, hesabu ya watoto waliohudhuria. Hesabu ya walioelewa inakuja mwisho, kama inakuja. Na mukija kutembelea, tunawapangia mtoto bingwa awasomee ukurasa aliouzoea. Tunafanya hivyo makusudi, juu tunajua mutapiga makofi na kupiga picha.

Siku nyingine musipige makofi haraka. Mtoto akimaliza, muulizeni: "Tueleze kwa lugha unayoipenda, umesoma nini?" Kama hamjui lugha yake, sisi tutatafsiri. Hilo swali moja litabadilisha namna tunavyofundisha wiki nzima kabla hamjafika. Na mukitupa mafunzo, musiishie kwenye herufi na sauti. Tufundisheni pia namna ya kuuliza.

Kwa wewe kijana mwenzangu, kazi ni ndogo zaidi. Leo jioni una mdogo wako nyumbani, au mtoto wa jirani, anafanya kazi ya shule. Mwache asome. Akimaliza, mwambie afunge kitabu, halafu akusimulie. Kama anasimulia, mpongeze. Kama ananyamaza, usimgombeze na usimpe jibu. Fungueni tena kitabu, rudini pamoja mstari wa kwanza.

Mimi siwezi kurudisha siku mbili za mitihani ya mdogo wangu. Lakini kila Jumamosi, kabla ya kuanza, naandika lile neno unless juu ya tablo, kwenye kona, na watoto sasa wanajua kwa nini liko pale.