Ukishusha gitaa, badilisha na nyuzi

Wadau, leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nataka kusema na wenzangu mnaopiga gitaa la umeme, hasa nyie vijana wa hapa Wawi na Chake Chake mnaojikusanya jioni kutafuta bendi yenu wenyewe. Kuna jambo linaniudhi, na naona bora nilitoe.

Mwimbaji akisema kii iko juu, mpiga kinanda anabonyeza kitufe kimoja, kii imeshuka, kazi kwisha. Mpiga gitaa naye analegeza nyuzi zote toni moja, anaendelea na zile zile namba 9 alizonunua nazo gitaa. Hapo ndipo balaa linapoanza. Nyuzi zinagonga freti na kulia kama nyuki. Akizipiga kwa nguvu, sauti inapanda kwanza ndipo inarudi. Akibonyeza kodi kwa kidole kizito, gitaa linatoka nje ya tyuni. Na lawama anabebeshwa nani? Mwimbaji! "Leo hakuwa sawa." Jamani!

Mie naunga mkono kushusha gitaa. Sauti za watu hazilingani, na gitaa ndilo linalopaswa kumfuata mwimbaji. Koo halina seti ya akiba dukani. Kumlazimisha binti aimbe juu ya uwezo wake usiku kucha harusini, eti kwa sababu mpiga gitaa hataki kusumbuka, ni kumdhulumu. Ninachopinga ni kushusha nusu nusu: kulegeza bila kubadilisha unene wa nyuzi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Sauti ya uzi inategemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake na jinsi ulivyokazwa. Urefu umeshapangwa na aliyetengeneza gitaa. Fender nyingi ni inchi 25.5 toka nati hadi daraja, na Gibson nyingi ni kama 24.75. Kwa hiyo ukishusha sauti bila kugusa uzito, unachopoteza ni mkazo tu. Toni moja inakula kama asilimia 21 ya mkazo wote.

Chukua uzi wa kwanza, namba 10, yaani unene wa inchi 0.010. Kwenye gitaa la inchi 25.5, ukiwa E, unavutwa kwa takriban kilo 7 na kidogo. Ushushe hadi D, zinabaki chini ya kilo 6. Namba 9 ndiyo kabisa, inashuka chini ya kilo 5. Sasa weka namba 11 kwenye hiyo hiyo D: unarudi kwenye kilo 7 ulizozizoea. Vidole havitajua kama kuna kilichobadilika.

Kanuni ya kukumbuka: kila ukishuka nusu toni, ongeza unene kama asilimia 6. Aliyezoea seti ya 10 hadi 46, akishuka nusu toni anaweza kubaki nayo bila taabu kubwa. Akishuka toni moja, aende 11. Toni na nusu, aende 12. Aliyezoea 9, kwa toni moja 10 inamtosha. Na mwenye gitaa la aina ya Gibson ajue kuwa mkazo wake ni mdogo tangu mwanzo, kwa kama asilimia 6, hivyo asiogope kwenda nene zaidi.

Najua mtu ataniambia: mbona Tony Iommi wa Black Sabbath alishusha na nyuzi zake zilikuwa nyembamba? Kweli. Lakini Iommi alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham mwaka 1965, akatafuta nyuzi laini kwa sababu ya maumivu. Kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971 alishuka hadi toni na nusu. Alijua anachokitafuta. Stevie Ray Vaughan alishuka nusu toni tu, akafunga namba 13! Kila mmoja alichagua kwa sababu yake. Wewe sababu yako ni ipi, au ni uvivu?

Na wala tusidhani haya ni mambo ya Wazungu. Wapiga gitaa wa Kongo waliutoa uzi wa nne, wakaweka mwembamba unaolia oktava moja juu, wakauita mtindo huo mi-composé. Huko ni kuchagua unene wa uzi kwa akili, na Afrika Mashariki nzima imecheza kwa matunda yake.

Tahadhari mbili. Ukifunga nyuzi nene, angalia mifereji ya nati. Uzi ukibana, tyuni haitakaa. Pili, linganisha sauti ya freti ya 12 na ile ya kugusa uzi hapo hapo bila kuubonyeza. Zisipolingana, sogeza vidaraja kule chini.

Gharama? Naijua. Seti nzuri mara nyingi tunaagiza Unguja au Dar, tunasubiri ije na boti hadi Mkoani, na hewa yetu ya chumvi inazila kwa kutu. Ndiyo maana nasema bendi ikubaliane mapema: tunashuka kiasi gani, kisha inunuliwe seti moja inayofaa, na kila mtu afute nyuzi kwa kitambaa kikavu akimaliza. Wimbo ukidai kii ya juu, funga kepo kwenye freti ya pili. Kepo inapandisha, haishushi, kwa hiyo gitaa lililoshushwa vizuri linahudumia waimbaji wote wawili.

Kama mnachanga pesa za spika na sare za bendi, pesa za nyuzi zinakosekanaje? Naomba kutoa hoja. Mwasemaje wadau?